Je, ninunue kadi ya sauti? Jibu kwa msomaji wa Kibokoni

Swali: Marehemu baba ameacha kanda za kaseti zipatazo 60, nyingi zikiwa taarab zilizorekodiwa harusini hapa Mombasa, na baadhi yazo sijapata kuzisikia popote pengine. Ninataka kuzihamishia kwenye kompyuta. Nina kompyuta ya mezani ya mitumba, ya aina iliyokuwa ikitumika ofisini, na redio kaseti ya baba. Nikiunganisha viwili hivyo nasikia mvumo mzito usiokoma, na muziki wenyewe unasikika kama umepasuka. Fundi mmoja wa mjini ameniambia kwamba sauti inayokuja na kompyuta haifai, ninunue kadi ya sauti. Mwanangu pia anajifunza udi na anataka kujirekodi akipiga na kuimba. Je, ninunue, na kama ni kununua, ninunue ya aina gani?

Jibu: Dada yangu, kwanza pokea pole zangu kwa kuondokewa na mzee wako, na pokea shukrani za mtu ambaye ameona mikoba mingi ya kanda kama hizo ikitupwa jaani mara tu matanga yalipokwisha.

Nitaanza na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Kwa kazi ya kuhamisha kanda, usinunue kadi ya sauti, yaani ubao mdogo wa kuingiza na kutoa sauti unaochomekwa ndani ya kompyuta, kabla ya kufanya majaribio machache nitakayokueleza, ambayo gharama yake yote haizidi bei ya betri. Kwa kazi ya mwanao ipo sababu nzuri ya kununua kifaa, ila kifaa hicho si kadi ya kuchomekwa ndani ya kompyuta. Na kama una fedha za kutumia mara moja tu, zitangulie kwenye redio kaseti na kwenye diski ya kuhifadhia, kwa sababu sauti ya kanda za baba inapotea kwenye redio kabla hata haijafika kwenye kompyuta.

Fundi aliyekushauri hakusema jambo la ajabu. Amesema jambo lililokuwa kweli katika enzi yake. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980, kompyuta nyingi za PC zilikuwa na kispika kimoja kidogo cha kutoa mlio tu, na aliyetaka muziki alilazimika kununua kadi. Sound Blaster, iliyotolewa na kampuni ya Creative ya Singapore mwaka 1989, ilienea hata watu wakaitumia kama jina la kadi zote. Mwaka 1997 Intel ilileta kiwango cha AC'97, na chipu ya sauti ikaanza kukaa kwenye ubao mkuu wa kompyuta. Chipu nyingi za wakati huo zilikuwa na kelele kweli, na sifa mbaya ziliyoipata mafundi wengi hawajaisahau hadi leo. Lakini mwaka 2004 Intel hiyo hiyo ilileta kiwango kipya, HD Audio, na tangu hapo chipu za ndani zimekuwa zikiboreka mwaka hadi mwaka. Ilipokuja Windows Vista mwaka 2007, njia ya sauti ndani ya mfumo ilibadilishwa, na kadi zikapoteza hata ile kazi yake ya zamani ya kuipunguzia prosesa mzigo katika michezo ya kompyuta.

Sasa tutazame namba, kwa kuwa katika jambo hili namba zinasema wazi kuliko maneno ya dukani. Ubora wa kifaa cha sauti hupimwa, pamoja na mengine, kwa umbali kati ya sauti kubwa kabisa kinayoweza kuibeba na kelele yake chenyewe kikiwa kimya, na umbali huo huhesabiwa kwa desibeli. Chipu ya Realtek iitwayo ALC887, ambayo ni ya kawaida mno katika kompyuta za bei ya chini, mtengenezaji wake ameitaja kuwa na desibeli 97 upande wa kutoa sauti na 90 upande wa kuingiza. Ndugu yake mkubwa, ALC1220, inatajwa kuwa na 120 upande wa kutoa. Sidii ya kawaida, yenye biti 16, hubeba takriban desibeli 96. Na kaseti? Kanda ya kawaida ya oksidi ya chuma, isiyotumia Dolby (mfumo wa kupunguza kelele za kanda), hubeba takriban desibeli 50 hadi 55. Ukumbuke kwamba kila desibeli 20 ni tofauti ya mara 10 kwa kipimo cha volti. Kwa hiyo hata tukiipunguzia chipu ya kompyuta yako desibeli 15 nzima kwa sababu ya fujo za umeme ndani ya boksi, bado kelele ya kanda yenyewe itakuwa kama mara 10 ya kelele ya chipu. Maji ya kisima yenye mchanga, uyachote kwa kata ya kifuu au kwa kata ya fedha, mchanga wake ni ule ule.

Basi mvumo unatoka wapi?

Umeandika "mvumo mzito usiokoma", na nimeyashika maneno hayo kwa sababu kelele za sauti hutofautiana kama kikohozi kinavyotofautiana kwa daktari. Chipu dhaifu haivumi. Chipu dhaifu hutoa "shhh" nyembamba, kama mafuta ya mahamri yanayochemka chumba cha pili. Kelele inayotoka ndani ya boksi la kompyuta ni kama mlio wa mbu, na hubadilika ukisogeza kipanya au diski inapofanya kazi. Mchakacho wa kukatakata mara nyingi ni plagi iliyoshika kutu. Hewa yetu ya chumvi hula shaba ya matundu ya sauti taratibu, na dawa yake ya kwanza ni kuichomeka na kuizungusha plagi mara kumi, kisha dawa ya kusafishia viunganishi ikibidi. Lakini mvumo mzito, wa chini, usiopanda wala kushuka, huo ni umeme wa ukutani. Umeme wetu ni wa volti 240 na mzunguko wa hezi 50, na mvumo wake husikika kwa hezi 50 na 100, karibu na nyuzi nene za udi. Umeingia kwenye waya wa sauti kwa njia isiyo halali, na kazi yetu ni kuutafuta mlango wake.

Fanya hivi. Chomoa waya wa umeme wa redio kaseti, itie betri, kisha ucheze kanda ikiwa imeunganishwa na kompyuta vile vile ulivyoiunganisha mwanzo. Mvumo ukikatika, chipu ya kompyuta haina hatia, na ungeweza kununua kadi tatu mvumo ukabaki pale pale. Baada ya hapo rudisha waya wa umeme wa redio, chomoa ule wa sauti unaokwenda kwenye kompyuta, na usikilize redio peke yake kwa hedifoni. Ukiusikia mvumo hata hapo, ugonjwa uko ndani ya redio: kapasita za sehemu yake ya umeme zimezeeka, jambo la kawaida kwa redio ya umri huo, na fundi wa redio anaweza kuzibadilisha, au uendelee tu kutumia betri. Ikiwa redio peke yake ni safi na mvumo huja pale tu vitu viwili vinapounganishwa, basi umeme unapita baina yao kupitia waya wa sauti.

Hapo utazame soketi yako. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zilitiwa umeme kwa vipande vipande, mwaka huu chumba hiki, mwaka ule kingine, na si kila soketi yenye matundu matatu ina waya wa ardhi nyuma yake. Tena tuna mazoea mabaya ya kusukuma kifuniko cha kalamu kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili iingie. Ndani ya pawa saplai ya kompyuta kuna kichujio ambacho kazi yake ni kuutupa umeme mchafu kwenye waya wa ardhi. Waya huo ukikosekana, boksi la chuma la kompyuta hubaki likielea kwenye takriban nusu ya volti za ukutani. Ukisimama miguu mitupu sakafuni na kugusa chuma cha nyuma ya kompyuta, ukahisi kama sisimizi wanatembea ncha za vidole, ndiyo alama yake. Mkondo wake ni mdogo, lakini hutafuta pa kwenda, na ukiipa kompyuta waya wa sauti unaoelekea kwenye redio, utapita huko na kuvuma. Ukihisi sisimizi hao, acha kuitumia soketi hiyo na umwite fundi wa umeme mwenye leseni akupimie waya wa ardhi. Usikubali kabisa mtu akate pini ya ardhi ya plagi ili kuua mvumo. Nimewaona mafundi wa muziki wakifanya hivyo kwenye kumbi za harusi, na ninalisema hili kwa uzito wote: pini hiyo ndiyo inayozuia chuma kikuue siku pawa saplai itakapoharibika.

Vifaa vyote viwili vichomekwe kwenye ekstensheni moja, yenye waya wa ardhi ulio mzima. Mara nyingi hilo pekee humaliza mambo. Likishindikana, kuna kijisanduku kidogo chenye transfoma mbili za sauti ambacho huwekwa katikati ya waya. Wauzaji wa redio za magari wanakifahamu, na bei yake ni ndogo kuliko ya kadi yoyote nzuri.

Sasa nije kwenye muziki uliopasuka, na hapa ninakuomba uende nyuma ya kompyuta na tochi. Utaona matundu ya duara yenye rangi. La kijani ni la kutoa sauti kwenda kwenye spika. La waridi ni la kipaza sauti. La buluu ni la kuingiza sauti kutoka kwenye kifaa kingine kama redio. Karibu nina hakika kwamba umechomeka kwenye la waridi, kwa kuwa kila mtu huanza hapo. Kipaza sauti hutoa umeme mdogo mno, sehemu chache za elfu za volti moja, kwa hiyo tundu la waridi limeandaliwa kuikuza sauti mara nyingi. Kwenye Windows kuna nyongeza ya kipaza sauti inayofika desibeli 30, ambayo ni zaidi ya mara 30. Redio kaseti, kwa upande wake, hutoa karibu theluthi moja ya volti, na kwenye tundu lake la hedifoni huweza kutoa zaidi. Ukiipitisha hiyo kwenye tundu la waridi, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa bapa, na hakuna programu inayoweza kuvirudisha.

Hilo linanigusa kwa sababu lilinipata. Miaka mingi iliyopita nilihamisha kanda moja ya marehemu mama akisoma utenzi, nikaiacha nyongeza ya kipaza sauti ikiwa juu, na sikuikagua kazi yangu mpaka wiki ya pili. Niliporudi kuirekodi upya, kanda ilikatika na kujisokota ndani ya mashine. Nakala niliyo nayo ni ile iliyopasuka. Kwa hiyo kila kanda unayoihamisha, isikilize siku hiyo hiyo.

Hamishia waya kwenye tundu la buluu la nyuma. Usitumie matundu ya mbele ya kompyuta, kwa kuwa waya unaotoka huko hupita ndani ya boksi lote, kando ya feni na diski, na huokota kila kelele iliyoko njiani. Kama redio ina matundu mekundu na meupe yaliyoandikwa LINE OUT, tumia hayo. Kama haina, tumia tundu la hedifoni na uweke sauti kati ya theluthi na nusu. Kisha kwenye mipangilio ya sauti chagua kuingiza kutoka tundu la buluu, na uzime kila kilichoandikwa kuwa ni cha kuboresha sauti. Fungua programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, urekodi dakika moja kanda ikiwa imesimama, na utazame kipimo. Kikikaa chini ya desibeli 70 za hasi, kompyuta yako inatosha kwa kaseti na haja ya kadi haipo. Kikikaa kwenye 50 za hasi au juu yake baada ya kufanya yote niliyoyaeleza, hapo nitakubaliana na fundi wako.

Liko jambo moja linaloweza kubadilisha hukumu hii. Kompyuta nyingine za ofisini, hasa zile nyembamba, hazina tundu la buluu, na laptopu nyingi zina tundu moja tu la pamoja ambalo upande wake wa kuingiza ni wa kipaza sauti cha chaneli moja. Taarab yako ikipita hapo itabanwa, kushoto na kulia vikawa kitu kimoja, na hatari ya kupasuka itabaki. Kama hali yako ni hiyo, nunua kifaa cha nje cha USB chenye kuingiza sauti kwa chaneli mbili. Nasisitiza chaneli mbili, kwa sababu madukani vimejaa vijifaa vidogo vya ukubwa wa kidole, vingine vimeandikwa 7.1 kwa maandishi makubwa, ambavyo upande wa kuingiza vina tundu la kipaza sauti la chaneli moja tu. Ni vya simu za intaneti, na kwa kazi yako havitakusogeza popote.

Tukishamaliza kompyuta, sasa tuingie mahali ambapo sauti inapatikana au inapotea kweli. Fungua kilango cha kaseti, bonyeza kitufe cha kucheza bila kanda ndani, na utazame. Katikati kitasogea kichwa kidogo cha chuma kinachong'aa; kando yake kuna kigurudumu cheusi cha mpira kinachobana kijiti chembamba cha chuma. Kanda hupita baina ya hivyo viwili kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Kichwa kikiwa na utando wa kahawia, huo ni unga wa kanda za miaka yote, na sauti nyembamba, yaani fidla, rika na ncha ya kila mdundo wa nyuzi za udi, haziwezi kupita. Chukua kijiti cha pamba, kitie spiriti safi ya isopropili, na usugue taratibu mpaka pamba itoke nyeupe. Mpira wa kigurudumu ukiwa umekuwa mgumu na kung'aa kama kokwa ya tende, ubadilishwe, maana ndio unaofanya sauti ya mwimbaji iyumbe.

Halafu tazama pembeni mwa kichwa: kuna skrubu mbili ndogo, na moja yake ina springi chini. Skrubu hiyo ya springi huinamisha kichwa kushoto au kulia kwa unywele tu. Kanda iliyorekodiwa na mashine ya Kibokoni mwaka mmoja na kuchezwa na mashine ya Majengo mwaka mwingine, vichwa vyake haviinami sawa, na tofauti hiyo ndogo hufunika sauti kama mtu aliyeziba mdomo kwa kanga. Tia alama ya wino mahali skrubu ilipo sasa, vaa hedifoni, changanya chaneli mbili ziwe moja kwenye Audacity, na uizungushe skrubu sehemu ya nane ya duara, mbele kisha nyuma. Kuna mahali ambapo ghafla pazia linafunguka. Mara ya kwanza nilipoifanyia kazi hiyo kanda ya Zein l'Abdin, mwimbaji wa taarab na mpiga udi, nilisikia pumzi yake kati ya beti, na kwa miaka nilikuwa nimeamini kwamba kanda ile ilikuwa mbovu. Hakuna kadi ya sauti duniani itakayokupa badiliko la namna hiyo. Kanda za harusini zilirekodiwa na mashine mbalimbali, kwa hiyo sikiliza na urekebishe kila unapobadilisha kanda.

Kabla ya kucheza kanda yoyote, iinue kwenye mwanga na utazame kingo za mkanda ndani ya magurudumu. Ukiona madoa meupe kama unga, ni ukungu, na hewa yetu huulea vizuri. Kanda hiyo isichezwe, kwa sababu itachafua kichwa na kuambukiza nyingine. Iweke kando kwenye mfuko wake na umtafute mtu anayejua kuisafisha.

Sasa mwanao. Shughuli yake ni tofauti kabisa, na kwake chipu ya ndani haitoshi, ingawa sababu haihusiani na namba za desibeli. Kipaza sauti kinachofaa kwa udi na sauti ya mtu mara nyingi ni cha kondensa, nacho huhitaji umeme wa volti 48 unaopandishwa kwenye waya wake wenye plagi nene ya pini tatu. Tundu la waridi la kompyuta hutoa volti chache tu na halina mahali pa kuingiza plagi hiyo. Pili, akitaka kujisikia kwenye hedifoni wakati anaimba, sauti yake lazima iingie kwenye kompyuta na kutoka bila kuchelewa. Kompyuta hukusanya sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, kwenye bakuli dogo kabla ya kuzipeleka; bakuli la sampuli 1,024 kwa hezi 48,000 (sampuli 48,000 kwa sekunde) huchelewesha milisekunde 21 kila upande, na kuimba katika hali hiyo ni kama kuimba na mwangwi wa pangoni. Kwa sampuli 128 ucheleweshaji hushuka chini ya milisekunde 3, na sauti hewani husafiri karibu mita moja kwa milisekunde 3, kwa hiyo ni kama kukaa hatua moja tu mbali na mwenzako. Kompyuta ikitumia draiva (programu za kuiunganisha na kifaa) za ASIO, mfumo ulioanzishwa na Steinberg, inaweza kufanya kazi na bakuli dogo namna hiyo, na vifaa vya nje vya kurekodia vya makampuni kama Focusrite na Behringer huja nazo au hukubali kuzitumia. Vingi vyake pia vina njia ya kumsikilizisha mwimbaji moja kwa moja, sauti isipite kwenye kompyuta hata kidogo.

Kifaa cha nje ninakipendelea kuliko kadi ya ndani kwa sababu moja zaidi. Kadi ya ndani hukaa ndani ya boksi lile lile, ikila umeme wa pawa saplai ile ile, kando ya feni zile zile. Kama tatizo lilikuwa fujo za humo ndani, umelihamisha chumba, hukulitoa nyumbani. Kadi ya ndani bado ina wenyewe, kwa mfano mtu mwenye hedifoni nzito za ohmu 250 ambaye chipu ya kawaida haiwezi kuzisukuma, na hata huyo kifaa cha nje kingemfaa. Kifaa kinachowasha volti 48 na chenye matundu mawili ya kuingiza sauti katika kiwango cha redio kitazifaa kanda zako pia, ndiyo maana ninasema ukinunua, ununue kwa ajili ya kijana, nawe utanufaika. Dukani, omba kichomekwe kwenye kompyuta yao mbele yako, ucheze muziki wa simu yako ndani yake, na uhakikishe kwamba kushoto na kulia vyote viwili vinaingia.

Lakini kabla hajapata kifaa, mwanao azoee kwanza kuzima feni. Katika rekodi nyingi za nyumbani ninazoletewa, kelele kubwa kuliko zote ni feni ya dari, na inayofuata ni mwangwi wa kuta za mawe na dari ndefu. Asogeze kipaza sauti karibu, shubiri mbili kutoka kwenye udi, atundike shuka nzito au asimamishe godoro nyuma yake, na arekodi usiku tuktuk zinapopungua. Jasho litamtoka, lakini rekodi itasikilizika.

Kuhusu kuhifadhi, rekodi kwa faili za WAV, zisizobanwa, zenye biti 24 na hezi 48,000, na uviache vilele vya sauti vifike kati ya desibeli 6 na 12 za hasi. Kanda ya dakika 60 itachukua takriban gigabaiti 1, kwa hiyo kanda 60 za urefu huo zitachukua kama 62. MP3 za kuwatumia jamaa utazitengeneza baadaye kutoka kwenye hizo. Fedha ambayo ungeitoa kwenye kadi ya sauti, nunulia diski mbili za nje, moja ikae kwako na nyingine kwa ndugu anayekaa mbali na bahari.

Anza na kanda ambazo pia zilikuwa zikiuzwa madukani, ili mkono uzoee. Zile za harusi zije mwisho, na katika hizo tanguliza zisizo na nakala. Ila liko jambo moja ambalo halisubiri zamu. Mgongoni mwa kila kaseti, upande ulio mkabala na mkanda, pana vijipande viwili vya plastiki pembezoni. Vikiwepo, mashine inaruhusu kurekodi juu ya kilichomo, na kidole kikikosea kitufe mara moja, usiku mzima wa harusi unafutika. Vivunje kwa ncha ya bisibisi, kanda zote 60, leo hii, kabla hata ya kutafuta betri.